Programu ya Gifsicle nimeitumia miezi minne hapa Arusha: GIF inapungua saizi na bado inacheza

Wadau habari za mda. Nimeona niandike hii kwa sababu kila wiki lazima kuna mtu ananitumia meseji usiku, kaka GIF yangu (hizi picha zinazocheza) nimeipunguza imeganda nifanyeje, na mi naishia kueleza upya kwa voisi za dakika sita sita. Sasa naandika yote hapa, mtu akiuliza namtumia hii asome taratibu.

Mi natengeneza matangazo ya biashara ndogo ndogo, nna kachumba kangu Kaloleni, na wateja wangu wengi ni watu wa utalii, sio yale makampuni yenye magorofa, ni hawa wenye gari mbili tatu na ofisi ya meza moja. Mwezi wa nne alikuja mama mmoja wa Sakina, ana kampuni ya safari aliyoachiwa na marehemu mume wake na anaiendesha vizuri sana, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba alafu hata kukaa hakukaa, akatoa flashi kwenye pochi akasema mwanangu hebu niangalizie tembo wangu kapatwa na nini.

Nikaifungua. Tangazo zuri jamani, tembo anavuka barabara ya vumbi, nyuma anga la jioni na mlima, alafu maneno ya bei yanaingia taratibu kutoka upande. Ila kulikua na mafaili mawili. La kwanza upana pikseli 1200, urefu 675, fremu 48 (yani picha 48 zinazofuatana), uzito MB 9.4, hilo linacheza vizuri kabisa. La pili limepunguzwa mpaka upana 600 na tembo kasimama mguu mmoja juu, bei yenyewe haijaingia bado, imeganda vile vile milele. Alienda steshenari flani mjini, wakalifungua kwenye programu ya kawaida ya kuchora, wakapunguza, wakasevu, akalipa buku mbili akaondoka. Wala sio kwamba walitaka kumuibia, yule dada wa pale alifanya anachokijua. Shukuru Mungu walisevu kwa jina lingine, maana kijana aliyemtengenezea alishahama mkoa na kopi ilikua hiyo hiyo moja.

Sasa kwa nini inaganda? Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ukielewa hapa mengine yote yanakua mepesi. GIF sio picha moja, ni bahasha yenye picha nyingi ndani. Ilitengenezwa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987, toleo la 1989 ndo likaweka mda wa kila fremu kukaa kwenye skrini, na hii ya kurudia rudia bila kuisha ilikuja baadae na brauza ya Netscape, ndo maana mpaka leo ukichungulia ndani ya faili la GIF inayojirudia unakuta neno NETSCAPE2.0 limeandikwa humo. Programu nyingi za kuchora zikipewa bahasha zinatoa picha ya juu tu, zinaifanyia kazi, zinaisevu, zile 47 zilizobaki hazizioni kabisa. Unapata GIF kweli ila ya fremu moja.

Hilo ni kosa la kwanza na ni rahisi kulijua. La pili ndo linalosumbua watu maana GIF inacheza lakini imeharibika, unaona tembo wawili mmoja juu ya mwingine, vivuli, mabaki ya maneno, vipande vya anga vimekaa sipo. Hii inatokana na viraka. Yani kwenye GIF nyingi fremu ya kwanza tu ndo picha nzima, zinazofuata ni viraka vinavyobandikwa juu yake, kwa sababu mlima haujasogea na anga halijasogea, ya nini kuviandika mara 48? Kinaandikwa kile kipande alipo tembo basi. Sasa programu isiyojua hilo inachukua kila kiraka inakipunguza kivyake kama picha inayojitegemea, vipimo vinapishana, kiraka kinabandikwa sehemu sio yake. Niliwahi kupata matokeo ya aina hiyo kwenye app moja ya simu, nikadhani simu yangu ndo mbovu, nikapoteza siku nzima.

Kwa hiyo programu inayofaa lazima ifanye mambo mawili, ipitie fremu zote, na ijue kuhesabu viraka. Gifsicle inafanya yote mawili, na ndo ninayoisifia leo.

Ni programu ya bure, kaitengeneza Eddie Kohler ambae ni mwalimu wa kompyuta Chuo Kikuu cha Harvard. Ni ndogo sana, haina matangazo, haikuombi kujisajili, na haihitaji intaneti ukishaiweka, hiki kitu kwangu ni kikubwa kuliko vyote kwa sababu bando tunalijua wenyewe. Kitu kimoja nikwambie mapema usije ukashtuka, haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Unafungua ule ukurasa mweusi wa kuandika amri, unaandika, unapiga enta. Kuna watu wakiona ule weusi wanakimbia. Msikimbie, ni mstari mmoja tu, na ukishauandika mara moja unausevu kwenye notipadi, siku nyingine unakopi unabadilisha jina la faili.

Kwa wa Linux ya Ubuntu ni sudo apt install gifsicle, imeisha. Kwa wa Windows unaitafuta ilioshaandaliwa, unaiweka kwenye folda moja na picha zako. Laptopu yangu ni ya zamani ya RAM GB 4 na inaiendesha bila kulalamika.

Kitu cha kwanza nlichofanya na lile faili la mama ni kuchungulia ndani:

gifsicle --info tembo.gif

Ikanionesha fremu 48, skrini 1200 kwa 675, inarudia bila kuisha, kila fremu inakaa sekunde 0.08, alafu fremu moja moja na vipimo vyake. Fremu namba 0 ilikua 1200 kwa 675 kamili, lakini zilizofuata zilikua ndogo, nyingine hata robo ya picha haifiki, na pembeni imeandikwa imebandikwa wapi. Viraka vyenyewe hivyo sasa, unaviona kwa macho. Mi nlikua nafanya hii kazi kwa miaka na sikuwahi kuviona, siku hiyo nilifurahi kama mtoto.

Alafu nikapunguza:

gifsicle -U tembo.gif --resize-width 600 -O3 -o tembo600.gif

Ile -U inakunjua viraka vyote viwe picha nzima nzima kwanza, --resize-width 600 inapunguza upana na urefu unajipanga wenyewe ili tembo asibonyee, -O3 inarudisha viraka upya kwa ubanaji wa juu, na -o ndo jina la faili jipya. Hiyo -o usiisahau. Ikaisha ndani ya mda mfupi sana, nikafungua kwenye brauza, tembo anatembea! Mguu unashuka, vumbi linapanda, bei inaingia, mwendo ule ule wa mwanzo. Mama alikua kakaa nyuma yangu kwenye kigoda akasema haya sasa, huyu ndo wangu.

Faili likatoka MB 9.4 likawa MB 2.7. Na hii ni hesabu ya kawaida tu, 1200 kwa 675 ni pikseli 810,000 kila fremu, ukikata upana nusu na urefu unakatika nusu, zinabaki robo. Watu wengi wanadhani ukipunguza nusu uzito nao unapungua nusu, hapana, unapungua zaidi.

Ila mama tangazo lake anawatumia wageni kwa barua pepe pia, na MB 2.7 kwa barua pepe bado ni nzito kwa ninavyoona mimi, kwa hiyo nikaendelea kubana. Hapa ndo pana ufundi na hapa ndo Gifsicle imeniteka moyo. Kuna kitu kinaitwa lossy, kinaruhusu picha ipoteze usahihi kidogo ili faili libanike zaidi, kazi hiyo aliianzisha Kornel Lesiński pembeni alafu ikaingizwa kwenye Gifsicle yenyewe. Unaandika --lossy=40 au 80 au namba unayotaka, namba ikikua faili linapungua na uchafu unaongezeka. Na kuna --colors, maana GIF inabeba rangi 256 tu kwa paleti (yani orodha ya rangi zake), unaweza kushuka mpaka 128 au 64. Nilijaribu lossy 80 nikaona anga la jioni limeingia michirizi kama ukuta uliopakwa rangi ukiwa haujakauka, nikaikataa. Kwa 64 rangi, anga likagawanyika mistari mistari, chungwa hapa, pinki pale, halafu ghafla zambarau, na anga la jioni ndo roho ya lile tangazo, nikaikataa pia. Mwisho nikatulia kwenye lossy 40 na rangi 128, faili MB 1.3, na mama mwenye macho makali kuliko mimi hakuona tofauti.

Amri ya mwisho ilikua hivi, kopi kabisa:

gifsicle -U tembo.gif --resize-width 600 --colors 128 --lossy=40 -O3 -o tembo600.gif

Kama tangazo lako ni logo tupu yenye rangi mbili tatu, lossy achana nayo, haina cha kukusaidia sana. Kwenye logo shida ni nyingine. Gifsicle kwa kawaida inapopunguza inatumia rangi zile zile zilizomo, haiongezi mpya, sasa logo ya nyeusi na nyeupe ikipunguzwa kingo za herufi zinakua kama meno ya msumeno, kwa sababu hakuna kijivu cha kulainisha. Dawa yake ni --resize-colors 64, hapo unairuhusu iongeze rangi za katikati. Nililipata hili kwa logo ya kaka mmoja wa karakana kule Unga Limited, spana inazunguka, mara ya kwanza herufi zimechakaa, nikaongeza hicho kipande tu zikanyooka. Kama umepima ukaona kingo mbaya jaribu hicho kabla hujaanza kulaumu fonti.

Kuna ujanja mwingine wa kupunguza uzito ambao ni kutoa fremu moja moja katikati, 48 zinabaki 24. Unaruhusiwa, ila mda wa kila fremu lazima uuongeze mara mbili, kama ilikua inakaa 0.08 sasa ikae 0.16, kwenye Gifsicle ni -d16 kwa sababu inahesabu kwa mia ya sekunde. Nimeona matangazo kibao mitandaoni ya watu wetu, simba anatembea kama kuku anayefukuzwa, ni kwa sababu hii hii. Kwa tembo sikutoa fremu hata moja, mwendo wa tembo ni mzito na ule uzito ndo unaomfanya mgeni atamani kuja.

Onyo la maana sana. Kuna --batch ya kupunguza mafaili mengi kwa mpigo, tamu kweli ukiwa na GIF 30, lakini inaandika juu ya faili lile lile. Orijino inaondoka. Mi nilipoteza GIF sita za mteja wa Usa River namna hiyo, nikamuomba msamaha na nikamtengenezea upya bure kwa siku mbili. Tengeneza folda ya kopi kwanza, fanyia kazi humo.

Mtu atauliza kwa nini nisitumie programu nyingine za picha, ImageMagick au GIMP. Tumia, zote ni za bure na zinafanya kazi ukijua pa kugusa. Kwenye ImageMagick neno la kuokoa maisha ni -coalesce, liwekwe kabla ya -resize, ndo linalokunjua viraka, na mwisho unaweka -layers optimize. Ukilisahau unapata tembo wawili. Inatoa rangi laini pengine kuliko Gifsicle, ila inafungua kila fremu nzima kwenye RAM, fremu 48 za pikseli 810,000 zinaweza kula kama MB 300 hivi, kwenye mashine ya GB 4 yenye brauza imefunguliwa utalisikia feni linavyolia. GIMP inafaa kwa anayetaka kuona anachofanya, inafungua kila fremu kama leya, unaenda Filters, Animation, Unoptimize, unapunguza, alafu Optimize for GIF, na wakati wa kutoa lazima uweke tiki kwenye As animation. Ile tiki watu wanaisahau kila siku! Picha inatoka imeganda alafu lawama kwa programu.

Kwa wasio na kompyuta kabisa, wenye simu tu, mi nawaelekeza Ezgif. Ni websaiti, unapakia GIF yako, unaandika upana unaotaka, unachagua njia, na moja ya hizo njia ni Gifsicle yenyewe, nyingine ni ImageMagick na coalesce. Kwa hiyo mnakula chungu kimoja na mimi. Ukiona matokeo yana mabaki rudia kwa ile yenye coalesce. Tofauti ni bando, unapakia MB 9 unashusha MB 2, ukirudia mara tano kutafuta saizi nzuri umeshamaliza bando la siku, wakati mimi narudia mara hamsini bila kutumia hata senti. Na kama picha ni ya siri ya mteja, bei ambazo hazijatangazwa kwa mfano, mi sipakii kwenye websaiti ya mtu yeyote.

Mdogo wangu yuko Moshi, Pasua, yeye anatengeneza stika za WhatsApp za sherehe, send-off na kipaimara, na kwa kazi yake Gifsicle peke yake haitoshi kwa sababu inajua GIF tu. Stika inayocheza inatakiwa iwe WebP (aina nyingine ya faili la picha), pikseli 512 kwa 512 kamili, isizidi KB 500, na isizidi sekunde 10. Anachofanya anapunguza kwanza na Gifsicle kwa --resize-fit 512x512, hiyo inaingiza picha ndani ya boksi bila kuibana, alafu anaijazia pembeni iwe mraba na kuigeuza WebP kwa kitu kingine. Na mkumbuke ukituma GIF ya kawaida WhatsApp inageuzwa video, kwa hiyo kuhangaika kubana rangi kwa ajili ya kutuma WhatsApp tu ni kujitesa.

Kitu kingine nilichomshauri yule mama, na hiki sio cha Gifsicle ila kinaendana. Baadhi ya programu za barua pepe za kwenye kompyuta, hasa matoleo ya zamani, zinaonesha fremu ya kwanza tu hata GIF yako iwe nzima namna gani. Na wageni wake wengi ni wazee wastaafu wa Ulaya wenye kompyuta za zamani. Kwa hiyo tulichukua fremu ya mwisho, ile tembo kashavuka na bei imekamilika, tukaibandika mwanzo kabisa, hata ikiganda kwao bado wanasoma bei. Kwenye websaiti nilimshauri atumie video ya MP4, maana kwa picha ya kamera kama ile MP4 inakua nyepesi kuliko GIF na anga linabaki na rangi zake zote. Akakataa, akasema anataka tembo yule yule kote kote. Ni biashara yake, nikaweka.

Kwa nyota naipa tano kwenye kazi ya kupunguza, tatu kwenye urahisi kwa anayeanza, na hizo tatu ni kwa sababu ya ule ukurasa mweusi tu.

Jumamosi iliyopita nilipita pale pale steshenari ya ile buku mbili, nikamsalimia yule dada, nikamueleza ilivyokua bila kumlaumu. Akanionesha daftari, kaandika majina ya watu wanne waliorudisha GIF zimeganda na akawarudishia hela zao mfukoni mwake. Nikamwambia dada hili jambo ni la nusu saa. Jumatatu naenda na flashi, namuwekea Gifsicle kwenye ile kompyuta ya kaunta, na mstari wa amri naubandika kwa karatasi pembeni ya skrini, kashanitengea nafasi saa nne kabla wanafunzi hawajaanza kujaa kutoa kopi.